Fasihi ya Marekani: waandishi walichelewa, au sheria iliwachelewesha?

Mleta mada: Januari 1820, mwandishi Mwingereza Sydney Smith aliuliza katika jarida la Edinburgh Review: ni nani, katika pande zote nne za dunia, anayesoma kitabu cha Mmarekani? Ilikuwa miaka 44 tangu nchi ijitangazie uhuru. Wengi husema taifa lilikuwa bado changa. Mimi nasema kalamu zilikuwepo, zikabanwa na sheria ya hakimiliki ya 1790. Iliwalinda raia na wakaazi kwa miaka 14, na 14 mingine mwandishi akiwa hai, lakini kazi za wageni iliruhusu zichapwe bure. Jiweke kwenye nafasi ya mchapishaji wa Philadelphia: Mwingereza humlipi, na umeshaona London kitabu chake kinauzika. Mmarekani anataka malipo, na hujui kama kitabu chake kitauzika. Utachapa kipi?

Mchapaji: Umegusa penyewe. Mwaka 1823 Carey na Lea, wachapishaji wa Philadelphia, walipopata Quentin Durward, riwaya ya Mskoti Walter Scott, ndani ya saa 28 nakala 1,500 zilikuwa zimeondoka au ziko tayari kuondoka. Kasi hiyo mtambo mmoja hauiwezi. Unagawa kurasa kwa wachapaji kadhaa, kila mmoja anapanga herufi za sehemu yake, kisha zote zinakutana kwa mjalidi. Mshindani naye hana wa kumzuia, kwa hiyo ukichelewa siku chache tu, mzigo unakudodea.

Nyika: Napinga, wakuu. Wageni hawakupata ulinzi hadi 1891, ila fasihi haikusubiri. Cooper alitoa riwaya ya The Spy 1821, Hawthorne riwaya ya The Scarlet Letter 1850, Whitman mashairi ya Leaves of Grass 1855. Walipita wapi? Kilichobadilika ni mada. Tangu 1799, Mmarekani Brockden Brown aliandika katika dibaji ya riwaya yake Edgar Huntly kwamba mwandishi wa Marekani aachane na makasri ya kale, ashike hatari za nyika ya magharibi. Huo ndio mzizi.

Mleta mada: Wawili kati yao walipita kwa fedha zao, Nyika. Gharama za The Spy alizibeba Cooper mwenyewe. Whitman alijilipia nakala 795 hivi huko Brooklyn, na baadhi ya herufi akazipanga kwa mkono wake. Melville naye, ili apate hakimiliki ya Uingereza, ilibidi riwaya yake Moby-Dick atangulie kuitoa London, Oktoba 1851. Toleo hilo likatoka bila hitimisho, lile linaloeleza jinsi msimulizi alivyonusurika, na wahakiki wakahoji: kama wote wamezama, nani anasimulia? Sheria ilifika mpaka ndani ya kurasa.

Binti Wino: Mnabishana kana kwamba kila mtu aliruhusiwa kuingia dukani. Mshairi Phillis Wheatley alitekwa Afrika Magharibi, akauzwa Boston 1761 akiwa na miaka 7 hivi. Mwaka 1772 watu wa Boston waliombwa wajiandikishe kununua mashairi yake, hawakutosha. Kitabu kikachapwa London 1773, kikiwa na hati ya wanaume 18 wa Boston, gavana akiwemo, wakithibitisha kwamba ni kazi yake. Sheria ya 1790 haikuwepo bado, Mleta mada. Na Wheatley, Nyika, hakukosa mada.

Nyika: Lakini mashairi yake yanafuata mkondo wa Alexander Pope, mshairi Mwingereza. Upekee uko wapi?

Binti Wino: Basi twende kwa Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa, 1845. Alisimulia utumwa wa Maryland kwa mkono wake mwenyewe, kitabu kikatolewa na ofisi ya wapinga utumwa Boston na kikauzika kwa kasi. Riwaya ya bure kutoka London haikuwa mshindani hapo, kwa sababu hakuna Mwingereza ambaye angeweza kuiandika hiyo. Ukitaka fasihi ambayo Marekani haikuiazima popote, anzia hapo kabla hujafika kwa Cooper. Hata hivyo, miaka 72 baada ya Wheatley, bado kilitanguliwa na dibaji ya William Lloyd Garrison na barua ya Wendell Phillips, Wazungu wawili wapinga utumwa wa kumdhamini. Mzungu Washington Irving alipotoa kitabu chake The Sketch Book, nani alimdai wadhamini?