Kliniki binafsi ya lishe: kwa nini wateja huja mara moja tu?

Swali
Wakuu, kwa mtaalamu wa lishe mwenye leseni anayetaka kujitegemea: miadi ya kwanza ipangwe vipi, bei ihesabiweje, na kwa nini wengi huchukua ratiba ya chakula wakapotea?

Jibu 1
Wanapotea kwa sababu wameuziwa karatasi. Ukimpa mtu ratiba ya siku 7 siku ya kwanza, kwake kazi imeisha. Tenga dakika 60, nusu yake kusikiliza: amekula nini saa 24 zilizopita tangu alipoamka, pamoja na vile visivyohesabiwa kama chakula, yaani sukari ya kwenye kinywaji, mafuta ya kukaangia, kuonja jikoni. Pima uzito, urefu na kiuno. Kisha mkubaliane mabadiliko mawili tu, na aondoke na fomu ya kuandika anachokula siku 3, mojawapo ya wikendi. Kabla hajainuka kitini, tarehe ya kurudi iwe imeandikwa: wiki 2, wiki 6, miezi 3. Kwa mwenye kisukari hiyo miezi 3 ni muhimu, maana HbA1c, kipimo cha damu, huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 hivi. Kuirudia baada ya wiki 3 ni kumvunja moyo bure.

Jibu 2
Bei: usihesabu muda wa kuonana na mteja pekee. Faili na barua hula karibu nusu saa nyingine. Jumlisha kodi ya chumba, bima ya taaluma na mshahara wako wa mwezi. Miadi 5 kwa siku, siku 4 kwa wiki, ni kama 80 kwa mwezi. Lakini gawa jumla ile ya gharama kwa 60, kwani wapo wasiotokea. Wakumbushe siku moja kabla.

Jibu 3
Msisahau madaktari. Kila rufaa ijibiwe kwa ukurasa mmoja: ulichokuta, mlichokubaliana, unachoomba. Hapo pana usalama wa mgonjwa pia. Anayetumia insulini au glibenclamide (kidonge cha kisukari) ukimpunguzia wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9 mmol/L: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, usimkatazie mboga za majani. Ale kiasi kilekile wiki zote, vitamini K iliyomo, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo, isipande na kushuka.

Muuliza swali
Asanteni sana. Na kuuza virutubisho humohumo kliniki?

Jibu 3
Mimi nasema hapana. Ukishauza kopo moja, mteja hajui tena kama unamshauri au unamuuzia, na daktari naye atasita kukuletea watu.