Tupeane uzoefu: mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa shule ya awali) hataki penseli, nyumbani mnafanyaje?

Mama wa Wawili, Malindi
Salaam wapendwa. Kifungua mimba wangu ana miaka minne, ameanza PP1 Januari. Juzi mwalimu kaniita: mtoto ashika penseli kama mtu aliyeshika mwiko, na akiambiwa aandike "a" anaingia chini ya meza. Nimenunua daftari la kufuatisha nukta. Kila jioni twaketi, kila jioni twaishia kulia, siku nyingine mimi ndiye ninayeanza. Wenzangu mlipitaje hapa? Nataka mliyoyafanya kwa mikono yenu. "Kila mtoto na wakati wake" nshaambiwa na mama mkwe.

Bibi wa Langoni, Lamu
Pole mwanangu. Hilo daftari litie kabatini kwanza. Mimi nalea wajukuu watatu hapa Amu, mama yao yuko Mombasa kikazi. Wa kati alikuwa vivyo hivyo, vidole vilegevu, hata kifungo cha shati hakiwezi. Dawa sikuijua. Nilichojua ni kwamba kila alfajiri nakanda unga wa mahamri naye kaning'ang'ania nguoni, basi nikamkatia donge lake anipe nafasi. Akikanda, akifinya, akiviringa vidonge. Mahamri yake ya kwanza yalitoka magumu kama kokoto, na babu yake aliyala yote kwa chai bila kusema neno. Miezi kama miwili baadaye namwona ashika kalamu ya chuoni, ya madrasa, kwa vidole vitatu, hakuelekezwa na mtu.
Hesabu nayo ikaja mumo humo. Nasukuma duara, namwambia kata katikati: hizo nusu mbili. Kata tena: robo nne. Sasa yuko gredi ya tatu, na mwalimu alipofikia robo yeye alishazila zamani.

Mvuvi wa Mayungu
Mimi niliachia darasa la nne, kwa hivyo mambo ya daftari namwachia mamake. Yangu ni samaki. Nikitoka baharini namkabidhi binti yangu mtungo, anatenga: changu huku, tafi huku, pono huku. Anahesabu, kisha anawapanga mkubwa hadi mdogo. Usiku anachora mwezi kama alivyouona, kwenye kipande cha boksi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapwa hadi miamba yote iko nje. Ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Siku moja akaniuliza mbona jana nilitoka mapema kuliko leo. Nikamwambia maji nayo hujichelewesha, kila siku karibu dakika 50. Ana miaka mitano, dakika hazijui, lakini sasa nikivaa tu ananiambia, "Baba, maji yakungoja."

Mwana wa Amu
Kwangu iliyouma ni lugha. Mwanangu alihesabu "moya, mbili, tatu", darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka nao. Siku tatu hakufungua mdomo. Nyumbani ni mato, mai, ndia. Shuleni ni macho, maji, njia. Nikamtungia mchezo: nikisema neno la nyanya, yeye ajibu neno la mwalimu, kisha twageuzana. Siku hizi ndiye anayemtahini nyanyake, na nyanya anafeli makusudi.

Mwalimu wa PP2, Shela
Dada, mwenzangu alikosea kucheka. Sera ya Kenya yenyewe inataka madarasa ya mwanzo, hadi gredi ya tatu, yafundishwe kwa lugha ya eneo.
Mama wa Wawili, bibi kakwambia kweli: mkono hutangulia penseli. Mpe udongo, mchanga, maharagwe ya kuchambua, achezee mdako. Herufi mwingizie masikioni kwanza, ba be bi bo bu mkiwa njiani, na vitendawili kabla ya kulala. Mtoto aliyezoea "tega!" hujua kutulia asikilize hadi mwisho, na hilo darasani lanisaidia kuliko daftari lililojaa. (Tangu ugatuzi wa 2013 shule za awali ziko chini ya kaunti, nami darasani kwangu hata chaki twagawana vipande, kwa hivyo mnayoyafanya jikoni msiyadharau.)

Kaka Mkubwa
Na sisi tuliofunzwa kwa bakora? Mbona twaandika vizuri!

Bibi wa Langoni, Lamu
Hapa waandika kwa simu, mwanangu. Hebu piga picha ya mwandiko wa mkono tuuone.

Mama wa Wawili, Malindi
Nimerudi, wiki ya tatu hii. Daftari liko kabatini. Mahamri tumekanda, robo anazijua, hasa iliyo kubwa kuliko nyenzake. Penseli bado haitaki. Ila jana nimemkuta na kipande cha mkaa, kakishika kwa vidole vitatu, achora miezi ukutani sebuleni kuanzia mlangoni hadi dirishani, na baba yake alipaka chokaa mwezi uliopita tu. Mvuvi, hili lako. Mkaa hutokaje kwenye chokaa?