Mjadala: Saipan 2002, Roy Keane aliitelekeza Ireland au Ireland ndiyo iliyomwangusha?

Wakuu, suala hili kila likitajwa kijiweni kwetu watu hutoka wamenuniana. Nalileta tulijadili kwa hoja.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: Mei 2002 Ireland walipiga kambi Saipan, kisiwa cha Pasifiki, wakijiandaa kwa Kombe la Dunia la Japani na Korea Kusini. Nahodha wao Roy Keane, kiungo wa Manchester United, alikuta mipira na vifaa vya mazoezi havijafika na uwanja mgumu kama sakafu. Akazozana na kocha wa makipa, akasema anaondoka, akabadili mawazo akabaki. Kisha akayaanika yote kwa gazeti la The Irish Times. Mahojiano yalipotoka Mei 23, kocha Mick McCarthy aliitisha kikao cha timu nzima na kumhoji mbele ya wenzake. Keane akamporomoshea matusi mazito, akarudishwa nyumbani.

Mimi nasimama na Keane. Huyu si mtu wa kudeka. Ni mtoto wa Cork aliyetoka Cobh Ramblers, akachukuliwa na Nottingham Forest mwaka 1990, na miaka mitatu baadaye United wakamnunua kwa pauni milioni 3.75, rekodi ya Uingereza wakati huo. Kumbukeni Turin, Aprili 1999, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Juventus wanaongoza 2-0 ndani ya dakika 11, yeye anafunga kwa kichwa, anapata kadi ya njano inayomnyima fainali, halafu anacheza vizuri kuliko kabla ya kadi! United wakashinda 3-2. Mtu wa namna hiyo akikwambia maandalizi ni mabovu, unamsikiliza.

Tena bila yeye wasingefika huko. Septemba 2001 kwenye mechi ya kufuzu pale Lansdowne Road, Dublin, Ireland wakiwa 10 uwanjani, waliwafunga Uholanzi 1-0 kwa bao la Jason McAteer, na katikati palikuwa pake. Uholanzi wakabaki nyumbani.

Halafu shirikisho lenyewe, FAI, liliagiza uchunguzi baada ya mashindano. Ripoti ya Genesis ikaonyesha kasoro kubwa za mipango, na katibu mkuu wake akajiuzulu. Kwa hiyo alichokisema Keane kilikuwa kweli. Kwa nini aliyesema ndiye aliyefungasha virago?

*

Mkuu, umeeleza vizuri ila umeruka kitu. Kusema kweli na kumtukana kocha mbele ya vijana ni mambo mawili. Mimi nimekuwa nahodha wa timu ya mtaa, tumewahi kucheza na jezi za kuazima na mpira uliovimba upande mmoja. Nililalamika, nikanyimwa nauli ya kurudi, nikakasirika kweli. Lakini siku ya mechi nilikuwa uwanjani, kwa sababu wale wadogo walikuwa wananitazama mimi, hawamtazami kiongozi wa klabu.

Na matokeo yapo. Bila Keane walitoka sare 1-1 na Kameruni, mshambuliaji Robbie Keane (si ndugu yake) akasawazisha dhidi ya Ujerumani dakika za nyongeza, wakawafunga Saudi Arabia 3-0. Wakatolewa na Uhispania kwa penalti katika 16 bora. Timu ilisimama.

*

Naunga mkono mleta mada, ila mchango wa ndugu hapo juu unanisaidia mimi zaidi yake. Timu iliyofika penalti na Uhispania bila nahodha, je, ingekuwa naye pale katikati dakika zile 120? Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Na McCarthy alijua hasira za mtu wake. Angemwita chumbani, wawili tu, mlango umefungwa. Kwa maelezo ya Keane, kilichomchoma zaidi ni kuulizwa kwa nini hakwenda Tehran kwenye marudiano ya mchujo wa kufuzu na Iran, kana kwamba jeraha lake lilikuwa la uongo. Kumwambia hivyo mchezaji aliyechanika goti 1997 akakosa karibu msimu mzima!

*

Mleta mada narudi. Hoja ya kikao cha faragha naichukua, ningeiandika mwenyewe mwanzoni.

Ila ndugu wa jezi za kuazima amenigusa, na nimekumbuka jambo linalonipa shida. Keane aliposema anaondoka mara ya kwanza, Colin Healy, kijana mwenzake wa Cork, aliandaliwa kuchukua nafasi yake. Keane akabadili mawazo, jina la Healy likaondolewa, muda wa FIFA wa kuwasilisha majina ukapita. Siku mbili baadaye Keane akaondoka kweli, Ireland wakaomba Healy aingie, FIFA wakakataa. Wakacheza mashindano yote wakiwa na wachezaji 22.

Healy hakupata tena nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Hapo kwa Healy sina jibu la kumtetea Keane. Mwenye nalo alete.