MREJESHO: Wazazi wanaolalamika watoto wao kuwekwa benchi

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu timu yangu ya watoto wa chini ya miaka 13, huku Mbagala. Kila mechi wazazi wananivamia pembeni mwa uwanja: "Kocha, mwanangu mbona hachezi?" Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kuitisha kikao. Tukakubaliana kwamba mechi za kirafiki kila mtoto anacheza angalau kipindi kimoja. Kwenye mashindano, mazoezi ndiyo yanaamua. Na siku ya mechi sipokei malalamiko, mpaka kesho yake. Hilo la kesho limesaidia kuliko yote. Mtu akishalala, nusu ya hasira imekwisha, wengi hata simu hawapigi.

Daftari la mahudhurio ya mazoezi nalo limepunguza kelele. Ule ushauri wa mtoto aje kuniuliza mwenyewe umefanya kazi nusunusu: wengine wanaona haya, wengine unaona kabisa wametumwa na baba zao.

Mzazi mmoja hakuelewa somo, kamhamishia dogo timu nyingine. Beki mzuri yule, nimeumia. Ule ushauri wa kuzungusha unahodha kati ya watoto bado sijaujaribu.