Vipimo vya joto la minofu: niwaonyesheje wafanyakazi wa zamu ili waelewe?

Mdhibiti Ubora
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia ubora katika kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Mwanza, na kila Jumatatu kabla ya zamu kuanza hupewa muda mfupi wa kuzungumza na wakata minofu, wapakiaji na wenzetu wa chumba cha baridi. Hadi sasa huwaonyesha kwa projekta jedwali la joto lililopimwa kila saa, wiki nzima, meza zote. Tarakimu ni sahihi, lakini naona watu wanatazama ukutani kwa heshima tu, na mchana ule ule joto linapanda tena. Baadhi yao hawasomi kwa urahisi, nao ndio mabingwa wa kisu. Je, nitumie picha za namna gani ili ujumbe uwafikie wote?

Mtakwimu wa Nyakato
Ndugu, jedwali humfaa anayetafuta tarakimu fulani, kama mkaguzi, lakini halimfai anayetakiwa kuona mwenendo. Chora grafu ya mstari, saa zikiwa chini na joto kando, kisha upitishe mstari mnene mwekundu kwenye nyuzi 4, ambao minofu haipaswi kuuvuka. Wakiona joto linaanza kupanda saa sita mchana, watajiuliza wenyewe saa sita kuna nini: pengine ndipo barafu inapopungua, au mlango unaachwa wazi watu wakienda kula. Usirundike meza zote kwenye grafu moja. Chagua meza moja yenye tatizo. Ukilazimika kulinganisha meza, tumia grafu ya mihimili badala ya duara lililogawanywa vipande, kwa sababu jicho hulinganisha urefu kwa usahihi kuliko pembe, jambo ambalo watakwimu Cleveland na McGill walilipima Marekani na kulichapisha mwaka 1984.

Katibu wa Mwalo
Naongeza kutoka mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka mitumbwini. Tulikuwa na tangazo refu lililoeleza kwamba sangara wa chini ya sentimeta 50 haruhusiwi, na hakuna aliyesimama kulisoma. Tukachukua ubao wa kupimia, tukaupaka rangi nyekundu kutoka sifuri hadi 50 na kijani kuanzia hapo. Samaki hulazwa mdomo ukigusa kibao cha mwanzo, na ncha ya mkia ndiyo inayotoa jibu. Mabishano yamepungua sana, kwa kuwa mvuvi, mnunuzi na mimi sote tunatazama kitu kimoja. Kwa hiyo usiishie kwenye projekta: picha iwepo pale kazi inapofanyika, karibu na meza, kwenye karatasi iliyopigwa laminesheni isiharibiwe na maji.

Afisa Usalama Kazini
Nawaunga mkono wote wawili, isipokuwa kwenye jambo moja. Kuonyesha meza moja mbele ya kiwanda kizima ni kuwaaibisha wanaoifanyia kazi, na Jumatatu itakayofuata vipimo vitaanza kupikwa. Kila meza ipewe grafu yake, ijadiliane na msimamizi wake.

Pia tuwe waangalifu na rangi. Wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, hivyo ongeza alama ya vema na ya mkasi juu ya rangi hizo. Na tafadhali usipambe matangazo kwa alama za usalama, ambazo zina maana maalumu kimataifa: duara jekundu lenye mstari wa mshazari ni katazo, duara la buluu ni amri, pembetatu ya njano ni tahadhari ya hatari. Mfanyakazi aliyezoea kuiona pembetatu hiyo kwenye tangazo la kikao hataishtukia siku atakapoikuta kwenye tangi la amonia, gesi ya sumu ya mitambo ya baridi.

Mdhibiti Ubora
Nashukuruni sana. Jumatatu nitaonyesha grafu ya kiwanda kizima pekee, na kila meza itakuwa na ubao wake, ambao mkata minofu mmojawapo atautia nukta kila saa baada ya kusoma kipimajoto. Kwa kuwa kuta za chumba cha kukatia huoshwa kwa maji ya klorini kila zamu inapoisha, mbao hizo zitatundikwa kwa ndoano, ziondolewe kabla ya usafi.