Mafuriko yamebeba uwanja wetu: twende Chamazi, Mlandizi au tubanane Mabibo?

Katibu wa Bondeni
Wakuu habari za jioni. Uwanja wetu wa bondeni Kigogo, Dar es Salaam, umekwenda na maji. Mto Msimbazi ulipanda usiku wa kuamkia Jumapili. Asubuhi tumekuta tope jeusi linafika magotini kwenye eneo la penalti, uzio wa mabati umelala, na ndani ya stoo mstari wa maji uko juu ya kitasa cha mlango. Mipira mingine tumeiokota kwenye magugu upande wa pili wa mto.

Kamati inakaa Alhamisi kuamua tunahamia wapi. Kuna uwanja wa nyasi bandia maeneo ya Chamazi, wa kulipia kwa saa. Kuna wa Mlandizi, mkoa wa Pwani, majani mazuri, na mwenyewe anatupa na nyumba ya kuweka kambi. Halafu kuna wa shule Mabibo, karibu kabisa na nyumbani, ila ni mchanga mtupu na tunaupata jioni tu wanafunzi wakishatoka. Mngekuwa nyie mngechagua upi?

Golikipa Mstaafu
Mkuu umeleta nusu ya habari. Mko ligi gani? Mechi za nyumbani zimebaki ngapi? Hela ipo kiasi gani? Na hivyo viwanja vimeshakaguliwa na watu wa ligi? Usije ukalipia uwanja halafu mkaguzi akaukataa wiki ya mechi.

Ila swali kubwa zaidi ni hili: mnahama kwa muda, au ndiyo mmeondoka? Hilo bonde lina mradi wa fedha za Benki ya Dunia, watu wamelipwa fidia wakaondoka. Kama uwanja haurudi tena, hesabu zote zinabadilika.

Nyasi Bandia
Chamazi, wala msiumize kichwa. Mvua inyeshe isinyeshe mnacheza. Masika haya ukienda kwenye majani ya kawaida utaahirisha mazoezi kila siku ya pili. Timu ikikosa mazoezi wiki mbili mfululizo, stamina inakwisha, na msimu wenyewe ndiyo huo unaishia.

Mama wa Beki
Katibu mwanangu, mimi mtoto wangu anacheza timu ya vijana hapohapo kwenu. Kutoka Kigogo kwenda Chamazi ni daladala tatu: Buguruni, Rangi Tatu, halafu ya Chamazi. Mazoezi yakiisha magharibi huyu mtoto anafika kwangu saa ngapi? Na nauli ya kwenda na kurudi mara nne kwa wiki anaitoa nani? Mnapokaa kwenye hicho kikao, mlikumbuke na hilo.

Msomaji wa Spoti
Hili suala limewapata hata wakubwa. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, Superdome, uwanja wa Saints wa mpira wa Kimarekani, uligeuka makazi ya maelfu ya watu waliokimbia maji, na paa likachanika. Msimu ule Saints walicheza mechi tatu za "nyumbani" San Antonio kule Texas, nne Baton Rouge, na moja kwenye uwanja wa wapinzani wao, New York Giants. Walishinda mechi 3, wakapoteza 13. Na muda wote huo watu wa New Orleans wanaishi na wasiwasi kwamba mwenye timu ataihamishia San Antonio moja kwa moja.

Timu ya kikapu ya mji uleule, Hornets, ilikwenda Oklahoma City misimu miwili. Huko walipokelewa vizuri mno. Kutoka ushindi wa mechi 18 msimu wa kabla ya kimbunga wakapanda hadi 38, wakiwa na kijana aliyekuwa msimu wake wa kwanza, anaitwa Chris Paul. Mwaka 2007 wakarudi kwao, lakini Oklahoma City walikuwa wameshaonja, na mwaka 2008 wakapata timu iliyohamishwa kutoka Seattle. Yaani msiba wa mji mmoja ulifungua njia, na mji wa tatu ambao haukuguswa na kimbunga ukabaki bila timu.

Kwa hiyo nakubaliana na Golikipa. Ukienda Mlandizi ukakaa misimu miwili, ujue unajenga mashabiki wa Mlandizi.

Nyasi Bandia
Mkuu hao wana hela za televisheni, wanapanda ndege. Utawalinganishaje na timu inayochangishana hela ya Coaster?

Msomaji wa Spoti
Sijalinganisha hela. Nimelinganisha mashabiki. Septemba 2006 Saints waliporudi Superdome dhidi ya Atlanta Falcons, mechi haijachangamka hata kidogo Steve Gleason wa Saints akazuia mpira uliokuwa unapigwa, ukazaa pointi za kwanza. Wakashinda 23-3. Leo nje ya uwanja ule kuna sanamu ya tukio lile. Mji ambao nyumba zake nyingi zilikuwa bado zinanuka ukungu ulikuwa na kitu cha kurudia. Kigogo nako kuna watu wa namna hiyo.

Mpenda Anga
Mfano wa karibu zaidi ni Uturuki. Tetemeko la tarehe 6 Februari 2023. Hatayspor na Gaziantep wote walijitoa kwenye ligi msimu ule. Christian Atsu wa Ghana alifunga bao la ushindi dakika za nyongeza jioni ya tarehe 5, na usiku uleule jengo likamwangukia. Bado inaniuma hadi leo. Msimu uliofuata Hatayspor wakarudi ligini, mechi za nyumbani wakichezea Mersin.
Katibu, je, mmeuliza kama ligi inaweza kuwaahirishia mechi hata wiki tatu? Kuhama kwa haraka kunazaa makosa.

Meneja Vifaa
Naomba nieleze yaliyonikuta, labda yatasaidia. Niliwahi kuwa meneja wa vifaa wa timu moja ya Temeke. Masika yakatufukuza uwanjani, tukapata uwanja mkoa wa Pwani. Mzuri, majani yamelala kama zulia. Tukakubaliana kwa mdomo, tukatoa hela ya mwezi, tukapeana mikono.

Mechi mbili za mwanzo hakuna tatizo. Ya tatu nimefika saa moja asubuhi na mfuko wa chokaa na nyavu begani, nakuta mafundi wanachimba mashimo ya nguzo katikati ya uwanja. Maturubai yanashushwa, masufuria ya pilau yamepangwa pale kwenye kona. Harusi. Nampigia mwenye uwanja, simu imezimwa. Nikawaendea ndugu wa bibi harusi kwa unyenyekevu, wakanionyesha risiti yao. Walikuwa na haki, wamelipa. Saa nane wapinzani wakafika, waamuzi wakafika, wakaandika walichokiona. Tukapoteza pointi tatu na faini juu.

Ila pointi siyo zilizoniumiza. Wiki ileile wachezaji wanne waliacha kuja. Winga wetu wa kushoto alinifuata nyumbani usiku, jezi mkononi, ameifua na kuipiga pasi, akaniambia, "Bosi, nauli imenishinda." Yule kijana alikuwa bora kuliko wote tuliokuwa nao, na hajacheza tena. Kwa hiyo mkataba uandikwe, wenye tarehe za mechi moja moja. Na nauli za vijana ziingie kwenye bajeti kabla ya kodi ya uwanja.

Mtoto wa Twiga
Kwani kuhama bondeni ni lazima? Yanga makao yao yako Jangwani, bonde hilohilo, maji yanaingia uwanja wao wa Kaunda masika yakizidi na hawajaondoka.

Mnyama Damu
Makao yapo, ila mechi wanazichezea wapi? Timu kubwa ina pa kwenda. Usimshauri mwenzio akae kwenye maji.

Mtoto wa Twiga
Nimesema makao, sijasema mechi. Watu wa Jangwani wanajua thamani ya kubaki ulipozaliwa.

Golikipa Mstaafu
Jamani, ya Simba na Yanga yana uzi wake. Katibu yuko wapi? Maswali hayajajibiwa.

Katibu wa Bondeni
Samahani wakuu, tulikuwa tunatoa tope. Tuko ligi daraja la tatu. Mechi za nyumbani zimebaki tano. Chamazi umeshakaguliwa, Mlandizi pia, Mabibo bado. Mfadhili wetu anaupenda wa Mlandizi kwa sababu ana biashara njia hiyo. Kuhusu uwanja kurudi, sikuandika mwanzo kwa sababu inaniuma. Eneo letu limo kwenye ramani ya mradi. Nimecheza pale tangu nina miaka tisa.

Golikipa Mstaafu
Pole sana kaka. Basi hamtafuti uwanja wa mechi tano, mnatafuta nyumba. Msiruhusu mfadhili awachagulie peke yake.

Mwana Raga
Mbona mnalazimisha nyumba iwe moja? Crusaders, timu ya raga ya Christchurch, New Zealand, tetemeko la Februari 2011 liliua watu 185 na kuharibu uwanja wao. Msimu mzima wakacheza Nelson, Timaru, mechi moja hadi Twickenham, London. Walifika fainali, wakafungwa na Reds 18-13 kule Brisbane. Mazoezi fanyeni Mabibo, mechi tano pelekeni Chamazi.

Mama wa Beki
Hapo kidogo napumua. Mabibo anakwenda kwa miguu.

Nyasi Bandia
Mazoezi kwenye mchanga, mechi kwenye nyasi bandia? Mtavunja vijana magoti. Mguu unazoea sehemu moja.

Mwana Raga
Sisi wote tumekulia kwenye mchanga.

Meneja Vifaa
Katibu, magoli mmeshayatoa? Usiyaache hapo hata usiku mmoja zaidi, watu wa vyuma chakavu hawalali.

Katibu wa Bondeni
Moja tumelitoa. La upande wa mto limezama hadi nusu, limepinda, na kirikuu tuliyokodi haiwezi kushuka kule chini.

Meneja Vifaa
Kesho saa kumi na mbili asubuhi nakuja na vijana sita na kamba. Nielekeze tu pa kushukia.