Tupeane uzoefu: faili lililokuponza kwenye kazi za sauti, na ulivyojinasua

Koromeo

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa sisi tunaoishi kwa koo: matangazo, vitabu vya kusikiliza, kuingiza sauti kwenye katuni na gemu, mpaka ile sauti ya "bonyeza moja" kwenye simu. Habari za maiki ipi ni kali tumeshagombania vya kutosha. Leo nataka tuzungumzie mafaili, maana mteja hakuoni ukiwa umejifungia kabatini na blanketi kichwani, jasho linakutiririka. Yeye anapokea faili, basi.

Naanza na ya kwangu. Nilikuwa mgeni kabisa, natumia Audacity (programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti) ya zamani, kabla ya lile toleo la 3 la mwaka 2021. Nikapata simulizi ya dakika arobaini. Nimerekodi usiku kucha, nimesafisha, nimesikiliza mara mbili. Nikahifadhi, nikaona faili limekaa pale, nikaliambatisha kwenye barua pepe. Likapanda kwa sekunde mbili. Nikasema leo mtandao umeamka vizuri! Ndugu zangu, kitu cha dakika arobaini kinapanda kwa sekunde mbili na mimi nashangilia.

Nilichotuma ni faili la .aup, ambalo ndani yake hamna sauti hata chembe. Ni maandishi tu ya kuielekeza programu vipande vya sauti viko wapi. Sauti yenyewe ilikuwa kwenye folda ya pembeni, jina lilelile, ila mwishoni lina _data. Mteja akajibu, "halifunguki". Nikajua huyu kompyuta imemshinda, nikamtumia tena lilelile. Halafu ile folda nikaifungua, nikakuta vijifaili mamia vyenye majina ya ajabu ajabu, nikasema takataka hii inanijazia diski bure. Nikaifuta, na pipa nikalimwaga.

Usiku kucha wa pili huo.

Siku hizi .aup3 inabeba kila kitu ndani ya faili moja, lakini bado huo ni mradi wako wewe, mteja anataka faili la sauti lenyewe, WAV (lisilobanwa) au MP3 (lililobanwa). Tangu siku ile situmi kitu kabla ya kuangalia uzito. WAV ya mono (njia moja ya sauti), 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde), biti 24, inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Ya 44.1 kHz biti 16 ni kama MB 5.3. Kwa hiyo dakika zangu arobaini zilitakiwa kukaribia MB 345. Ukiona KB 300, usishangilie.

Haya, leteni za kwenu.

Pumzi Ndefu

Umenitonesha kidonda mkuu. Mimi yangu ni ya majina.

Kazi ya gemu, mistari 412, kila mstari faili lake. Mteja alileta jedwali: safu moja maneno, safu ya pili jina la faili. Majina yenyewe marefu kama ukoo mzima umeandikwa pale. Nikaona mateso ya nini, nikaandika 1.wav, 2.wav, 3.wav, nikijua watayapanga wenyewe kwa kufuata namba. Programu yao ikayapanga kama kamusi: 1, 10, 100, 101, 102... namba 2 iko huko mbali. Wakayaingiza hivyo hivyo. Siku mbili baadaye nikatumiwa kipande cha video: mlinzi wa lango, jitu la miraba minne lenye shoka, linafungua mdomo na kusema kwa sauti ya mtoto, "Mama, usiniache."

Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka ni mimi wa kuyarekebisha yote 412.

Nilichojifunza ni kwamba jina la kwenye jedwali halichezewi. Nakili, bandika, herufi kubwa ibaki kubwa na ndogo ibaki ndogo, maana kuna mifumo ambayo "Mlinzi" na "mlinzi" kwake ni watu wawili. Kama majina unabuni mwenyewe, weka sifuri mbele: 001, 002. Usiache nafasi wazi, usiweke mkwaju, tumia kistari cha chini.

Na kitu ambacho ningekijua mapema kingeniokolea wiki nzima: lebo za Audacity. Unarekodi mistari yote mfululizo kwenye wimbi moja. Ukimaliza unachagua mstari, unabonyeza Ctrl+B, unabandika jina lake kutoka kwenye jedwali. Unakwenda hivyo mpaka mwisho. Wakati wa kutoa sauti unachagua mafaili mengi kwa kufuata lebo, na kila lebo inakuwa jina la faili. Mistari 412 inatoka ukiwa umekwenda kunywa maji.

Binti Kinasa

Nani humu hana folda yenye mwisho.wav, mwisho2.wav, mwisho_kweli.wav na mwisho_kweli_HILI.wav? Mimi nilimtumia mteja "mwisho_kweli" ilhali teki (rekodi) nzuri iko kwenye "mwisho2". Ikarushwa hewani na kikohozi changu ndani.

Sasa neno "mwisho" nimelipiga marufuku. Naandika 2025-03-09_mradi_mhusika_v02.wav. Mwaka mbele, mwezi, siku, yanajipanga yenyewe.

Mzee wa Kabatini

@Pumzi Ndefu kwa ambao wameshaharibu tayari: Windows ina PowerRename ndani ya PowerToys (zana za Microsoft unazoshusha), bure kabisa, inabadili majina ya mafaili mia kwa mpigo na inakuonyesha matokeo kabla hujakubali. Kuna na Bulk Rename Utility, ila sura yake inatisha kama chumba cha rubani. Wenye Mac hamhitaji kushusha kitu, chagua mafaili yote kwenye Finder, bofya kulia, badili majina. Fanyia kwenye nakala lakini. Asili usiiguse.

Yangu sasa. Nilirekodi filamu fupi ya mafunzo kwa 48 kHz kama walivyotaka. Mwenzangu aliyekuwa anaunganisha video akaingiza sauti kwenye mradi wake wa 44.1 bila kuibadilisha, programu yake ikaisoma kama ilivyo. Mteja akanipigia simu kwa upole sana: "Mzee, unaumwa? Tunaweza kusogeza tarehe."

Nikasikiliza. Kweli, kama mtu aliyeamshwa usingizini akiwa na homa. Rekodi ya 48 ikichezwa kama vile ni ya 44.1 inaburuta: saa moja inakuwa dakika 65 na kidogo, na sauti inashuka karibu nusutoni moja na nusu. Mtu asiyekujua anaweza asigundue, akadhani ndiyo sauti yako hiyo. Kinyume chake unakuwa kasuku.

Tangu hapo mstari wa kwanza wa barua yangu ya kupokea kazi unauliza mambo matatu: 48 au 44.1, biti ngapi, mono au sterio. Video karibu siku zote ni 48. Na faili nikilitoa nalipitisha kwenye MediaInfo, ni programu ya bure, inakuambia faili lina nini ndani bila kukisia.

Kimya Kidogo

Samahani wakuu, mimi bado mchanga. Nimepata kazi ya sauti ya mfumo wa simu, wamesema wanataka 8 kHz, mono, mu-law. Niweke maiki kwenye 8 kHz kabla ya kurekodi?

Mzee wa Kabatini

Hapana! Rekodi kwa 48 kama kawaida, hariri, hifadhi asili yako, kisha badilisha mwisho kabisa; mu-law ni mbano tu wa sauti za simu. Kesho wakikwambia wanataka maneno yaleyale kwa tangazo la redio, utawapa nini?

Kwa FFmpeg (programu ya bure ya kubadilisha mafaili kwa kuandika amri) ni mstari mmoja:

ffmpeg -i asili.wav -ar 8000 -ac 1 -c:a pcm_mulaw simu.wav

Usishtuke ukisikia matokeo. Sampuli 8,000 kwa sekunde haziwezi kubeba chochote kinachopita 4 kHz, na mng'aro wa S na F unaishi huko juu. Kwa hiyo S na F zinakaribiana. Tamka "sita" na "saba" kwa kuzikaza kidogo, halafu jisikilize kwenye simu ya kweli kabla hujatuma.

Mchana Kweupe

Mimi naona mnajitesa. Miaka miwili namtumia mteja wangu kila kitu kwa WhatsApp na hajawahi kulalamika.

Binti Kinasa

Inategemea umetuma vipi. Ukibonyeza kile kialama cha maiki ukaongea, umetuma ujumbe wa sauti uliobanwa vibaya sana, huo si wa kumpa mhariri. Ukiambatisha faili kama hati linafika lilivyo, WAV inabaki WAV. Ila baada ya miezi mitatu mtu akikuuliza "lile la pili lilikuwa lipi", utapandisha gumzo mpaka kidole kiote sugu.

Sauti ya Alfajiri

Naomba nitoe yangu, na hii bado inaniuma.

Gmail inaishia MB 25. Ukizidisha, yenyewe inaliweka faili Google Drive na kutuma linki. Nilijua hilo, kwa hiyo mimi nilijiona mjanja, nikapandisha mwenyewe, nikanakili linki, nikabandika kwenye barua. "Natarajia utapenda. Ahsante." Nikalala nikiwa nimetulia.

Linki ilikuwa imefungwa, inafunguka kwangu tu. Mteja yuko upande mwingine wa dunia, kwake mchana, kwangu saa tisa usiku. Akabonyeza kuomba ruhusa. Akasubiri. Akaomba tena. Ya tatu aliandika na ujumbe: "Tunarusha baada ya saa mbili, tafadhali." Nimeamka saa moja asubuhi nikakuta maombi matatu yamepangana, na chini yake barua fupi kwamba wamempata mtu mwingine. Sauti nzuri ipo, imekamilika, imekaa pale Drive inanitazama.

Sasa linki yoyote, hata ya mdogo wangu, naifungua kwanza kwenye dirisha la siri la kivinjari ambako sijaingia na akaunti. Ikifunguka pale, itafunguka kwa yeyote. Sekunde kumi tu. Na kama ni WeTransfer, namwandikia wazi linki inakufa lini, kwa sababu zile hazikai.

Pumzi Ndefu

Pole sana dada. Mimi nimeanza kutuma kipande kidogo cha MP3 pamoja na linki, ili hata linki ikigoma ajue kazi ipo. Haisaidii kurusha hewani lakini inanunua muda.

Fundi Ukimya

Nimesoma yote, hamjagusa la kuhifadhi.

Diski ilijaa katikati ya kitabu cha sura ishirini na tatu. Nikafuta sura za mwanzo kwenye kompyuta, kwa kuwa "ziko kwenye wingu". Folda ile ilikuwa imeunganishwa na wingu moja kwa moja, kwa hiyo ukifuta huku na kule kunafutika. Nilikuja kugundua mteja alipotaka marekebisho ya sura ya nne, na siku 30 za pipa la Drive zilikuwa zimepita. Folda iliyounganishwa ni kioo, ukinyoa nywele nacho kinanyoa. Sasa nina nakala tatu: kompyuta, diski ya nje inayokaa bila kuchomekwa, na moja mtandaoni.

Mteja alikuwa na MP3 za sura zile, tukazitumia. Nikakata, nikaunganisha, nikatoa MP3 nyingine. Akataka tena, nikatoa nyingine kutoka kwenye ile. Kila ukiifungua MP3 na kuitoa upya inapoteza kidogo, ya tatu ilikuwa na kamlio ka maji kwenye kila S. Hariri kwenye WAV, MP3 iwe kitu cha mwisho kabisa.

Na la mwisho kwa wa vitabu: marekebisho baada ya miezi miwili hayatafanana na ya mwanzo hata ukilia. Ndani ya kila folda ya mradi naweka kijifaili cha maandishi: maiki ilikuwa umbali gani na mdomo (mimi napima kwa shubiri), kitasa cha nguvu ya maiki kilisimama wapi, nilikuwa nimeketi au nimesimama. Pia sekunde 30 za ukimya wa chumba, chumba chenyewe kikipumua bila mimi. Kabla ya kurekodi sentensi mpya nasikiliza dakika mbili za sura ileile kwenye hedifoni, ndipo nafungua mdomo. Ule ukimya unaziba viraka vizuri kuliko ukimya wa kompyuta, maana huo ni sifuri tupu na sikio linashtuka.

Kimya Kidogo

Hili la kupima kwa shubiri nimelichukua. Vipi kuhusu kelele? Mimi natumia kile kiondoa kelele cha Audacity mara tatu tatu.

Fundi Ukimya

Ndiyo maana sauti yako inatoka kama uko ndani ya bomba. Mara moja, tena kwa upole. ACX, wale wa vitabu vya Audible, wanataka kelele isizidi -60 dB (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele kisipite -3 dB, na RMS, yaani ukubwa wa sauti kwa wastani, iwe kati ya -23 na -18. Kuna kiongezo cha Audacity kinaitwa ACX Check, kinakupimia vyote kwa mbofyo mmoja. Ukishindwa kufika -60 tatizo ni chumba. Zima feni, ongeza blanketi.

Mchana Kweupe

Haya, nimenyoosha mikono. Nimeangalia gumzo langu na yule mteja, kuna mafaili 61 na yote yanaitwa AUD kitu gani sijui.

Binti Kinasa

@Koromeo mwenye uzi, zile dakika arobaini ulilipwa lakini?

Koromeo

Nililipwa, ila nilikaa siku 19 nasubiri, nimeshaanza kumsema kwa watu. Kumbe ankara niliiweka Drive, na linki imefungwa.